Harufu ya Mpunga Mpya

Kama unasoma haya kwa sababu wewe unaanguka, au mtoto wako anaanguka, kaa kitako kwanza. Sogea mbali na moto. Sitakueleza kifafa ni nini; hilo waulize wa hospitali, wanalijua kuliko mimi. Mimi nitakueleza hofu, maana hofu ndiyo naijua. Nimelala nayo, nimekula nayo, nimekwenda nayo hadi bafuni. Sasa ni muda mrefu sijaanguka, na bado nikisimama mbele ya sufuria inayochemka, mkono mmoja unatafuta pa kushika.

Mara ya kwanza nilianguka kanisani. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, Jumapili moja ya masika, kijijini kwetu upande wa Mkula, kando ya barabara iendayo Ifakara. Nilikuwa msichana tu, nimeolewa na Damiani, na tulikuwa na mtoto mmoja, Skola, ambaye hata jino alikuwa hajaota. Nilikuwa nimempakata. Kengele ya mageuzo ikalia, pale padre anapoinua hostia, tukainamisha vichwa, na hapo nikasikia harufu ya mpunga mpya.

Mtu wa bonde hili hahitaji kuelezwa harufu hiyo. Kwa wengine nitasema hivi: mpunga ukikaribia kuvunwa shamba zima hunukia, na ukipika mchele wa kwanza, jirani anajua leo kwenu mnakula nini. Lakini siku ile mpunga mashambani ulikuwa bado majani matupu. Harufu ilikuja yenyewe, kali, na pamoja nayo ikaja hali ambayo hata leo sijui niisemeje. Nilihisi kuna mtu ameingia kanisani, ananijua tangu sijazaliwa, na anakuja moja kwa moja kwangu. Sikuogopa hata kidogo. Nilifurahi mpaka machozi yakanitoka. Nikajisemea moyoni, kumbe ni kweli, yupo!

Baada ya hapo sikumbuki kitu.

Nilipozinduka nilikuwa peke yangu sakafuni. Mabenchi yalikuwa yamesogezwa, watu wamejibana ukutani, akina mama wameficha watoto nyuma yao. Ulimi ulikuwa umekatika, na nguo imelowa, nawe unajua imelowa kwa nini. Kwetu mtu akianguka hashikwi. Tunaamini lile povu la mdomoni linaambukiza, likikugusa basi na wewe siku yako inakuja, hasa kama una kidonda. Siwalaumu. Angeanguka mwingine, na mimi ningekuwa pale pale ukutani.

"Mtoto yuko wapi?" niliuliza.

Mama mkwe wangu alikuwa mlangoni, Skola yuko kifuani kwake. Alimnyakua alipobingirika chini ya benchi, kabla povu halijamfikia. Mama Damiani alikuwa mwanamke mwembamba, mkali, mwenye mikono mikubwa isiyolingana na mwili wake. Aliniangalia kwa mbali, akasema, "Yupo huku. Hajaumia." Akageuka, akaenda naye nyumbani. Tangu siku hiyo mtoto wangu hakurudi mikononi mwangu.

Hakuwa mtu mbaya, naomba hilo lieleweke. Skola aliletwa kunyonya kila alipolia. Nilikalishwa mkekani, mgongo ukutani, na Mama Damiani akakaa pembeni, kiganja kimoja kimetandikwa chini ya mtoto, macho yanatazama uso wangu kama ninaanza kubadilika. Mtoto akishiba, anachukuliwa. Nikisema, "Mama, nimbebe kidogo," ananijibu, "Ukianguka naye?" Ningejibu nini? Na mimi nilikuwa naogopa hicho hicho. Nilikuwa namtamani mwanangu, na nikiwa naye nasali aondolewe upesi.

Watu wakaanza kunieleza ugonjwa wangu. Jamani, watu! Katekista alikuja na Biblia kwapani, akaniuliza niliona nini. Nilipomsimulia ile harufu, na yule aliyeingia, akaruka kitini. "Umetembelewa, Odilia! Wangapi wanasali miaka yote na hawatembelewi?" Wanawake wawili wa jumuiya ya kanisani wakamkatalia hapo hapo mbele yangu, wakasema Mungu hamlowanishi mtu gauni, hilo ni pepo. Wazee wa ukoo wangu, Wapogoro wa Mahenge, wakasema wahenga ndio wanaoniita, maana sijawahi kwenda kuwasalimia tangu niolewe. Nikapelekwa kutambika. Unga ulimwagwa, majina yakaitwa moja moja, kwa heshima, na mimi niliomba pamoja nao kwa moyo wangu wote. Njiani kurudi nikaanguka.

Kila mmoja alimjua aliyekuja kwangu. Mimi peke yangu ndiye sikumjua. Nilianguka kisimani, nilianguka shambani, na kila mara ilitangulia ile harufu na ile furaha. Nikawa nalia peke yangu, nikiuliza: kama ni Mungu, mbona ananiangusha chini na mtoto? Na kama si Mungu, ni nani huyu anayenijua kiasi hiki? Swali la pili lilinitisha kuliko la kwanza.

Padre ndiye aliyenijibu kifupi. "Aliyekuja simjui," alisema. "Ila huo ulimi nauona. Nendeni Ifakara, hospitali."

Damiani alinipeleka. Tulikalishwa kwenye benchi refu, na wote pale ni watu wa kuanguka. Mama mmoja alikuwa amejifunga kanga pamoja na kijana wake mkubwa, kiuno kwa kiuno, asije akadondoka. Wengi walikuwa na makovu ya moto. Hakuna aliyemtazama mwenzake, kila mtu anangoja nani ataanza. Akaanza mzee mmoja wa Mngeta, akaenda chini na kofia yake. Basi benchi zima tukakurupuka tukakimbia! Wagonjwa wa kifafa tunamkimbia mgonjwa wa kifafa, na mimi mbele kabisa.

Nesi alipiga magoti. Akamgeuza yule mzee ubavu, akamwekea kitenge chini ya kichwa, akamfuta mdomo, na huku anatusemesha sisi tuliojazana mlangoni. "Msimtie kijiko mdomoni. Msimkandamize. Mgeuze, mfute, kaa naye mpaka arudi. Haliambukizi hili, mnanisikia?" Tukaitikia, "Ndiyo, nesi." Hakuna aliyeamini. Mama wa kanga alininong'oneza kwamba manesi wana chanjo yao, hawagawi.

Nikapewa vidonge, kimoja kila siku, na kurudi kliniki kila mwezi. Kidonge kile kidogo kilinibadilisha. Miguu ikawa mizito. Maneno yakawa yananijia yakiwa yamechelewa, watu wamekwisha kuhamia kwenye habari nyingine. Nilisinzia nikila. Maziwa yakapungua, Skola akaanza kupewa uji, na mashavu yangu yakavimba mpaka Damiani akanitania kwamba nimekula mshahara wake wote. Lakini kuanguka kulipungua. Ikapita kliniki moja, ikapita ya pili, nikawa nimeanguka mara chache tu za kuhesabika, na bila kujiuma.

Na ile harufu ikapotea. Hapo ndipo nilipopata hofu ambayo sikuitegemea. Jumapili kengele ya mageuzo ililia, nikafumba macho nikangoja. Hakuna kitu. Mtu anakohoa, mbuzi wanalia nje, kengele ni kengele. Nililia sana siku ile, na waliokuwa karibu wakaanza kusogea kwa kudhani naanza. Nilikuwa nalia kwa sababu nilidhani kidonge kimemfukuza yule aliyekuwa ananijia. Ningemwambia nani jambo hilo? Nikimwambia katekista atasema nitupe dawa. Nikimwambia Damiani atasema nimeanza wazimu. Nikanyamaza, nikaendelea kumeza.

Mvua zikaisha. Damiani akaenda Kidatu kukata miwa, kama kila mwaka. Mpunga ukaiva, na bonde zima likaanza kunukia.

Wee, acha tu. Unaelewa kilichonipata? Ile harufu iliyokuwa dalili yangu sasa ilikuwa kila mahali, na watu wote wanaisikia. Ukifungua mlango ni mpunga, ukipita njia ni mpunga, ukivuta pumzi ni mpunga. Kila nilipoisikia nilikaa chini hapo hapo nilipo, katikati ya njia, katikati ya majaruba ya mpunga, nikikumbatia magoti na kungoja. Haikuja. Nikasimama. Nikatembea kidogo, nikakaa tena. Wavunaji walikuwa wakinicheka, kisha wakaacha kucheka. Mama Damiani alikuwa ananitazama, Skola mgongoni kwake, mundu mkononi, na sikuweza kusoma uso wake.

Siku tuliyopika mchele wa kwanza, mimi ndiye nilikuwa jikoni. Mama Damiani alikuwa uani anapepeta, Skola amekaa mkekani karibu yake. Nikafunua sufuria kuangalia kama wali umekauka, harufu ikanijaa puani. Nikajiuliza: ni sufuria, au ni mimi? Nilikuwa nimechoka kukaa chini, nimechoka kabisa. Nikajisemea, ni sufuria. Ndipo nikasikia mtu ameingia.

Yaliyofuata nilisimuliwa. Niliangukia kwenye mafiga, mkono wa kushoto ukaingia motoni mpaka kwenye kiwiko. Mama Damiani alisikia sufuria inapinduka. Jirani yetu alikuwa uani naye, na alinieleza baadaye kwamba aliposhika mlango wa jiko alirudi nyuma kwa kuliona povu, akapiga kelele. Mama mkwe alimpita. Aliingia, akasukuma vinga vya moto kwa mikono mitupu, akanikumbatia kwa nyuma, akanivuta hadi nje. Viganja vyake vilikuwa vimebabuka ngozi, na kwa viganja hivyo hivyo akawa ananifuta mdomo.

Tulilazwa Ifakara wodi moja, vitanda viwili jirani, yeye mikono yote ina bendeji, mimi mmoja. Mke wa kaka yake Damiani alibaki na mtoto. Kusafishwa vidonda asubuhi, hiyo sitaieleza. Aliyewahi kuungua anajua, na ambaye hajaungua asijue. Mama Damiani hakulia hata mara moja. Nilimlisha uji kwa mkono wangu mzima, akafungua mdomo bila kuniangalia.

"Odilia," akasema asubuhi moja, "inaanzaje?"

"Nini, mama?"

"Hiyo. Kabla hujaanguka, unasikia nini?"

Nilidhani anataka kunipa pole. Nikamwambia ukweli, kwamba inaanza na harufu ya mpunga mpya. Ningejua ningemdanganya. Uso wake ulipauka, akatazama dirishani, ambako upepo ulikuwa unatoka mashambani. Ndipo nikaelewa. Povu langu lilikuwa limeingia kwenye vidonda vyake. Alikuwa anangoja siku yake.

Tulirudi nyumbani bendeji bado hazijatoka, tukakuta ukoo umekwisha kuzungumza. Kwetu kuna imani nyingine, na hii ndiyo iliyonimaliza: kifafa kikishakutana na moto hakiponi tena. Mgonjwa akiungua, dawa zote zinaachwa, mnangoja tu afe. Baba mdogo wa Damiani alikuja na maneno yamepangwa. Alisema hakuna anayenichukia, ila nirudishwe Mahenge kwa baba yangu mavuno yakimalizika, na mtoto abaki. Damiani alikuwa amekuja kutoka Kidatu kwa siku mbili. Aliangalia viatu vyake. Nilimngoja aseme kitu, hata kukohoa. Nilimchukia siku hiyo, na nilimwambia hivyo baadaye, na amekubali kwamba alistahili.

Mama Damiani alikuwa amekaa kando, mikono yake imelala mapajani, pua imeinuliwa kidogo.

Siku zilizofuata nilikuwa nahesabu magunia yanavyoingia ndani, maana likiingia la mwisho ndio naondoka. Niliendelea kumeza kidonge, kwa ubishi tu. Usingizi ulinikimbia. Nilikuwa nakaa mbali kidogo na Skola, namtazama akijifunza kutambaa, na nilikuwa najizoeza kutomtazama. Hilo siwezi kulieleza zaidi.

Asubuhi moja nilikuwa uani naanika mpunga. Mama Damiani alikuwa ndani na mtoto, magunia yamejaa hadi kwenye paa. Nikasikia ananiita, sauti imebadilika.

"Odilia! Odilia, njoo upesi!"

Nilikimbia. Nilimkuta amekaa chini, mgongo umebanwa kwenye gunia, Skola amemkandamiza kifuani kwa viwiko. Jasho linamtoka.

"Naisikia," akasema.

"Nini, mama?"

"Harufu. Mpunga. Imenijaa mpaka kichwani."

"Mama, ni magunia haya! Umeyaegemea!"

"Najua ni magunia. Na kama siyo?" Akaninyooshea mtoto. "Mchukue."

Nikarudi nyuma. Miezi yote ile nilikuwa nakililia kitu hicho, na sasa nilirudi nyuma mpaka mlangoni. "Siwezi. Mama, mimi ndiye ninayeanguka!"

"Na mimi povu lako limeingia kwenye nyama yangu. Chukua mtoto, Odilia. Mimi na wewe, wewe angalau una kidonge."

Nilimpokea. Alikuwa amekuwa mzito, mwili wake ulikuwa umebadilika mikononi mwangu wakati sipo. Nilikaa chini haraka. Tukawa tumekaa hivyo wawili, tumetazamana, kila mmoja anautazama uso wa mwenzake kama utabadilika. Nikapata ujasiri wa kumwuliza.

"Mama, siku ile ya moto, ulijua kwamba nitakuambukiza?"

"Nilijua."

"Mbona ulinishika?"

Aliniangalia kama nimeuliza swali la mtoto. "Ulikuwa unaungua," akasema.

Wa jumuiya huniuliza mpaka leo kama bado naamini kwamba yule aliyeingia kanisani alikuwa Mungu. Huwa nawaambia sijui, na ni kweli sijui. Ilikuwa furaha kubwa kuliko yoyote niliyowahi kuipata, na iliniacha sakafuni kwenye mkojo wangu. Lakini najua aliyeingia jikoni. Alikuwa anaogopa kuliko mimi, aliamini kabisa kwamba anajitia ugonjwa wa maisha, na aliingia. Nikiwa kanisani sasa, kengele inapolia, sifumbi macho kungoja harufu. Nawaza vile viganja. Katekista anasema huko si kusali. Basi na awe yeye ndiye anayesali.

Basi asubuhi ile, tukiwa bado tumekaa vile chini ya magunia, baba mdogo akabisha hodi. Alikuwa amekuja kuhusu safari yangu, amekwisha kuzungumza na mwenye lori la kwenda Mahenge. Aliingia, akaniona na mtoto kifuani, akasimama.

"Shemeji," akamwambia Mama Damiani, "umempa mtoto?"

"Nimempa."

"Aliyeungua? Si tulishakubaliana anaondoka?"

"Mlikubaliana nyinyi." Mama mkwe hakuinuka. Aliinua mikono yake miwili yenye bendeji, akamwonyesha. "Haendi popote huyu. Akienda, mimi nikianguka nani atanishika? Wewe?"

Baba mdogo aliangalia ile mikono, akaangalia mlango. Mimi nilikuwa nasikia mpunga kila nikivuta pumzi, mwanangu ananivuta kanga akitafuta ziwa. Sijawahi kuogopa namna ile, wala kabla, wala baada. Na sikumrudisha.